Meli Isiyo na Ndugu

Optatus na mkewe Tumwagile walifanyia mikutano yao bandani, katikati ya vifaranga mia mbili, kwa sababu ndani ya nyumba yao ya Mikumi hapakuwa na mahali ambapo watu wawili wangesema jambo likabaki la watu wawili. Sebuleni alikaa Bibi Hildegarda, mama mzazi wa Optatus, mwenye miaka sabini na sita na masikio ya msichana. Chumba cha pili kilikuwa cha Lightness na Devota, watoto wa ndugu zake Optatus, waliokuja kusoma kwa muda miaka minne iliyopita. Na chumba cha uani, ambacho kwa watu wengine kingeitwa stoo, hakikuwahi kumaliza wiki mbili bila mtu kutoka Zombo au kata ya Ulaya aliyekuja hospitali, au aliyekosa gari, au aliyepita tu kusalimia akasalimia siku tisa.

Jioni moja ya mwezi wa sita Tumwagile alisimama bandani na kopo la chakula cha kuku mkononi, akasema.

"Baba Goodhope, nataka tusafiri. Mimi na wewe."

"Na nani mwingine?"

"Ndiyo nakwambia. Hakuna mwingine."

Optatus alimtazama kama aliyeambiwa ale ugali bila mboga. Yeye alikuwa dereva wa watalii katika hifadhi, na wiki moja kabla ya hapo ndiye aliyeleta maneno haya nyumbani kwa mdomo wake mwenyewe. Aliwabeba wazee wawili kutoka Kanada, mume na mke, waliotimiza miaka arobaini ya ndoa na kujipongeza kwa kupanda meli wawili tu, wakala, wakalala, wakatazama maji. Optatus alisimulia mezani kama kichekesho. Wote walicheka. Bibi Hildegarda alisema, "Maskini, hawana watoto hao." Tumwagile peke yake hakucheka, ila alijifanya ana kazi na sufuria.

Hakucheka kwa sababu alikuwa anapiga hesabu ya miaka yake. Alikuwa ameolewa miaka ishirini na miwili. Usiku wa harusi walilala kwa shemeji yake kule Kidodi, pazia katikati, na upande wa pili wa pazia bibi mmoja wa ukoo alikohoa mpaka alfajiri. Tangu siku hiyo hawajawahi kulala chini ya paa moja wawili tu. Goodhope, binti yao wa pekee, sasa alikuwa chuoni Iringa, na tangu aondoke mazungumzo ya wazazi wake yalikuwa ni pumba za kuku, bei ya mayai na nani anaumwa. Optatus alishinda kutwa nzima akiwaeleza wageni habari za tembo, akifika nyumbani maneno yamekwisha. Tumwagile alitaka kujua kitu kimoja, na kwake hakikuwa mzaha hata kidogo: huyu mwanamume akiachwa naye siku mbili bila mtu wa tatu, atakuwa na la kumwambia? Anamtaka bado, au wamebaki kuwa mwenyekiti na katibu wa familia?

"Sawa," Optatus akasema. "Twende wapi?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Iko sheria ambayo haijaandikwa popote na kila mtu anaijua: huwezi kulala gesti katika mji wenye ndugu yako. Ukilala gesti, ndugu atauliza amekukosea nini. Asipopata jibu atauliza ukoo, na ukoo utaitisha kikao. Walipita miji yote ya nchi wakiwa wamechuchumaa bandani. Dar kuna ndugu. Morogoro kuna ndugu kila mtaa. Dodoma kuna wawili wasiosalimiana, ukilala kwa mmoja umemtukana mwenzake. Hata Tunduru, ambako Optatus hajawahi kukanyaga, alikumbuka kuna binamu yake muuza korosho.

"Kwa hiyo wale wazee hawakuwa wajinga," Tumwagile alisema. "Meli haina mwenyeji."

Optatus aliinua kichwa. "Meli haina ndugu," alisema polepole, na macho yakamng'aa jinsi mkewe alivyokuwa hajayaona yakimng'aa kwa muda mrefu.

Sasa wakaanza kuyachambua maziwa. Nyasa lilikataliwa kabla halijamaliza kutajwa, maana Tumwagile ni Mnyakyusa wa Kyela, na binti wa Kyela hapiti Kyela kwenda kupanda meli bila kulala kwao. "Baba atapata habari nikiwa bado Tukuyu," alisema. Tanganyika nalo lilikuwa na Kigoma, na Kigoma ilikuwa na baba mdogo wa Optatus, mstaafu wa reli, ambaye mpaka leo kila siku ya treni huvaa koti akaenda stesheni kutazama nani ameshuka. Likabaki Viktoria. Mwanza alikuwako Emanueli, mdogo wake Optatus, lakini Emanueli ni mwalimu, hutoka shule jioni na bandarini hana shughuli. Meli ya Bukoba huondoka usiku na kufika asubuhi. Ukishuka basi unapanda meli, na kurudi vilevile. Usiku mmoja kwenda, usiku mmoja kurudi. Lightness na Devota wangebaki na vifaranga, Bibi angewasimamia, na nyumbani ingesemwa kwamba wamekwenda semina ya ufugaji.

Optatus alipanga safari ile kama anavyopangia wageni. Aliandika kwenye daftari saa ya kuamka, saa ya chai, hata saa ya "kupumzika na kutazama ziwa". Tumwagile alicheka, akamwambia ziwa halitakimbia kama swala. Alikuwa na furaha kiasi kwamba alianza kuwaimbia kuku.

Lakini Optatus ni mtoto aliyelelewa. Kadiri siku zilivyokaribia, moyo ulimsuta. Mtu hulalaje juu ya maji bila mama yake kujua? Likitokea la kutokea, nani atasema alimuaga? Basi asubuhi moja, mkewe akiwa sokoni, alipiga magoti sebuleni mbele ya mama yake, akamweleza yote, akaomba baraka.

Bibi Hildegarda alimbariki vizuri sana. Alimwekea mkono kichwani, akamwombea. Kisha akasema, "Meli! Mimi nimeona mto Mkondoa ukijaa ukabeba mbuzi na banda lao, lakini meli sijaiona. Nitakwenda nanyi."

Hakuna mtu, kutoka Kilosa mpaka baharini, aliyewahi kugundua namna ya kumjibu mama yake hapana kwa neno kama hilo. Kufikia mchana Bibi alikuwa amempigia simu Raheli, bintiye mkubwa anayeishi Kilosa, na ukimwambia Raheli jambo umelitangaza kanisani. Kufikia jioni Emanueli alikuwa amepiga kutoka Mwanza, analia kwa furaha, akisema ameshanunua godoro. Lightness aliteuliwa kumshika Bibi mkono wa kulia, Devota wa kushoto.

Tumwagile alimkuta mumewe bandani.

"Ulimwambia!"

"Nilimuaga tu, Mama Goodhope."

"Nilikuomba siku mbili. Siku mbili katika miaka ishirini na miwili! Umeenda kuzigawa kama pilau ya msiba!"

Vifaranga walikimbilia pembeni wakarundikana. Optatus aliwatazama vifaranga badala ya mkewe, na hilo ndilo lililomuuma Tumwagile zaidi. Alijifuta machozi kwa kanga, akaenda kupika, maana watu walikuwa wengi na hawakuwa wamekula.

Jumapili baada ya misa kikafanyika kikao cha safari. Devota alisoma kwenye simu kwamba chumba kimoja cha melini kina vitanda vinne.

"Vizuri," Bibi Hildegarda akaamua. "Sisi wanawake wanne tutalala humo. Optatus atakaa kwenye viti huko nje, pamoja na wanaume wenzake."

Tumwagile alitazama sakafu. Kumbe hata melini kungekuwa na pazia. Mipango si matumizi, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba mtu anaweza kutumiwa na mipango yake mwenyewe.

Hapo Optatus akakohoa. "Kuna jambo. Vifaranga watabaki na nani? Alhamisi ni chanjo ya Gumboro."

Watu walitazamana. Jirani alitajwa, lakini jirani aliwahi kuua kuku wake mwenyewe sitini kwa kusahau kuwawekea maji.

"Basi nitabaki mimi," alisema Optatus.

"Wewe?" mama yake alishangaa. "Unajua nini kuhusu vifaranga?"

"Sijui chochote," Optatus alijibu, na hakuonekana kuona aibu. "Ndiyo maana Mama Goodhope naye itabidi abaki."

Tumwagile alimtazama kama unavyomtazama kicheche uliyemkuta bandani. Kwa hiyo meli imekwenda, na yeye, mwenye wazo, ameachiwa kuku. Bibi alisikitika kidogo, akauliza kama picha zinaweza kutumwa kwa simu, akapoa.

Siku zilizofuata Tumwagile hakuongea na mumewe zaidi ya salamu. Alimfunikia chakula akaondoka. Optatus naye alipiga mluzi, akaosha mabegi ya mama yake, na mara moja alimkonyeza mkewe jikoni. Tumwagile alidhani ameingiwa na moshi.

Alhamisi alfajiri Optatus aliazima gari la kazini akawapeleka wasafiri Kilosa kupanda treni ya Dodoma, waunganishe huko na basi la Mwanza. Bibi aliondoka na kofia ya Devota kichwani, amekaa mbele, anapunga mkono mpaka kwa watu asiowajua. Tumwagile alibaki akichanganya chanjo kwenye maji ya kuku, na hasira yake akiichanganya humo humo.

Alasiri Optatus alirudi kwa miguu, gari ameshalirudisha. Mkewe alikuwa kibarazani, hotuba tayari mdomoni.

"Umenifanya mlinzi wa kuku."

"Sikiliza," alisema Optatus.

"Nisikilize nini? Nimesikiliza miaka—"

"Hapana. Sikiliza tu."

Alisikiliza. Redio ya Bibi haikuwa inalia. Hakuna aliyekuwa anagombania chaja. Uani hapakuwa na mtu anayesafisha koo. Nyumba nzima ilikuwa kimya, isipokuwa vifaranga, na vifaranga hawasimulii.

"Meli ilikuwa siku mbili," Optatus alisema, akiangalia vidole vyake. "Emanueli hawezi kumwachia Mama kabla ya Jumatano. Hii ni wiki nzima."

Hasira ya Tumwagile ilitafuta pa kukaa ikakosa. "Na hukuniambia!"

"Ningekwambiaje? Ungecheka. Mama angekuona usoni."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimuudhi zaidi. Waliingia sebuleni. Walikaa, yeye kiti hiki na mumewe kile, kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Optatus alisema chai ni tamu. Tumwagile alisema ni kawaida. Saa ya ukutani ilisikika, ambayo kwa miaka mingi alidhani ni mbovu. Hofu yake ya zamani ikarudi, ikakaa kwenye kiti cha Bibi ikamtazama. Haya, wako wawili. Na hawana la kusema.

Ndipo mlango ukagongwa.

"Hodi! Hodi wenyewe!" Ilikuwa sauti ya wifi yake Raheli, aliyefika sasa hivi kutoka Kilosa. "Mama kaniambia mmebaki wapweke! Nimekuja kuwachangamsha!"

Tumwagile aliinuka. Hakuwaza, miguu yenyewe iliinuka, kwa sababu katika nyumba ile hodi haijawahi kupigwa mara ya pili. Optatus hujibu "karibu" kabla mgeni hajafunga mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Tumwagile pale mumewe alipomshika mkono, akamvuta chini taratibu, nyuma ya kochi, mahali ambapo dirisha halioni. Magoti ya Optatus, ya miaka arobaini na tisa, yalilia kwa pamoja.

"Nyamaza," alinong'ona.

"Ni dada yako!"

"Namjua."

"Hodiii!" Raheli alizunguka uani, akachungulia bandani, akarudi mbele.

"Ataona viatu vyetu mlangoni," Tumwagile alinong'ona.

"Nimeviingiza," alisema Optatus. "Vyako na vyangu. Nilipoingia tu."

Tumwagile aligeuka. Kweli, viatu vilikuwa pale chini ya meza, jozi mbili, zimepangwa. Alimtazama huyu mwanamume aliyepiga magoti kumuaga mama yake, na ambaye sasa amejificha sakafuni asimfungulie dada yake wa tumbo moja, na alihisi macho yanamchoma. Kisha alianza kucheka. Alijaza kanga mdomoni. Optatus naye alikuwa anatikisika mwili mzima, uso ameuficha begani kwake.

Nje Raheli alisikika akiongea na simu. "Hawapo. Labda wameenda kununua dawa za kuku. Ngoja nikalale kwa mwanangu Samson hapo stendi." Hatua zake zikaondoka, na geti likalia.

"Amekwenda," alisema Tumwagile.

"Tungoje kidogo," alisema Optatus. Mkono wake ulikuwa bado umeshika wa mkewe. "Anaweza kurudi. Lakini Mama Goodhope, unajua Kidodi, ule usiku wa pazia, mimi sikulala? Kuna jambo nilitaka kukwambia, na yule bibi anakohoa tu."

"Jambo gani?"

Akamwambia. Lilikuwa refu, na lilizaa jingine, na jingine. Raheli hakurudi, lakini walikaa palepale sakafuni wakiongea mpaka vifaranga walipoanza kulalamika njaa.