Kwa Nini Yake, Si Yangu?

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilishiriki, na sikukonda tu, nimefunguliwa hata kesi.

Kuo-hao nilimpenda mwaka mzima, hapa hapa mjini Changhua. Kila asubuhi nilimkaangia chapati ya mayai kwenye mgahawa nilioajiriwa, na kikombe cha maziwa ya soya cha kushushia. Siku moja alipokuwa akitoa simu mkobani, kikaanguka kitabu cha benki. Nikakiokota. Kina jina la Mei-yun, yule msusi wa ng'ambo ya barabara! Ndani mna kadi yake, na muhuri wake wa jina. Kwetu muhuri ndio sahihi yako, hata dada yako humwazimi.

"Mnaoana lini?" nikamuuliza.

"Acha hizo, Pei-chun. Nauza nguo mtandaoni, na akaunti yangu ina matatizo. Kaniazima tu."

"Na mimi nimekufa? Kwa nini yake, si yangu?"

"Sikutaka kukusumbua, mpenzi."

"Nisumbue!"

Jioni ile nikampa vyote: kitabu, kadi, muhuri, namba ya siri. Nikamwekea sharti moja tu, vya Mei-yun avirudishe nikiona. Akavuka barabara, akamkabidhi. Nilisimama mlangoni, mwiko mkononi, nikimtazama Mei-yun anavyonuna. Nilifurahi, sisemi uongo. Wiki nzima nilikaanga huku naimba.

Mshahara ulipoingia, mashine ikakataa kunipa. Akaunti zangu zote zilikuwa zimefungwa. Kesho yake nikaitwa polisi.

"Kuna mwalimu mstaafu katapeliwa akiba yake yote, dada," askari akaniambia. "Pesa zimepita kwako, zikatolewa kwa kadi yako siku hiyo hiyo."

"Sikujua mimi! Ni Kuo-hao!"

"Huyo tunaye. Lakini akaunti ni yako, kadi ni yako, na namba ya siri umeitoa wewe. Unashtakiwa kwa kuwasaidia matapeli, hata kama hukula senti. Au alikulazimisha?"

Anilazimishe nini, na aliyeng'ang'ania ni mimi?

"Na Mei-yun je?" nikapayuka. "Naye si alimpa? Mbona hamjamkamata?"

"Yake tumeikagua. Kapewa onyo. Mle mlipita pesa za nguo tu, za wizi hazimo. Tulimuuliza Kuo-hao kwa nini." Akafunua faili, akasoma: "'Ile ya Mei-yun sikutaka ichafuke.'"

Hapo ilinipasa niulize habari za wakili. Ilinipasa niulize nitafungwa miaka mingapi, na yule mwalimu atarudishiwa chake lini. Nikasogeza kiti mbele.

"Afande," nikasema, "hayo kayasema mwenyewe, au mmemwandikia?"