Digrii Kumi na Mbili

Mama alisukuma magurudumu kwa viganja, kiti kikapanda mteremko hatua kama mbili za mtu mzima, kisha kikaanza kurudi nyuma taratibu. Nilikidaka kabla hakijamtupa. Akajaribu tena, mishipa ya shingo imemtoka, akaishia palepale. Mara ya tatu hakufika hata hapo.

"Basi," alisema akihema. "Mwili umekataa. Nirudisheni."

Mdogo wangu alikuwa amesimama juu barazani, mikono mfukoni, anaangalia viatu vyake. Huyu ni fundi wa mapaa, na mtaa mzima unamwita Kenchi kwa sababu hakuna kenchi ya mbao ya kubeba paa iliyowahi kumshinda. Mteremko ule wa zege aliujenga mwenyewe kwa ajili ya mama, baada ya mimi kumbembeleza weee mpaka nikachoka. Mkewe alikuwa mlangoni na mto mkononi. Chumba alikuwa ameshakitandika, maskini wifi yangu.

Niseme wazi, ili ieleweke kwa nini baadaye damu ilinichemka. Mama ameishi kwangu tangu miguu ilipomwacha. Mimi nafundisha hisabati sekondari. Chuo cha ualimu katika mji mwingine kimenipa kazi ya kufundisha walimu wa hisabati, kazi niliyoitamani tangu nywele zangu zote zikiwa nyeusi, na Jumatatu natakiwa kuripoti. Chumba wanachonipa kiko ghorofa ya tatu, ngazi tupu, kwa hiyo kwenda na mama haiwezekani. Alikubali kuhamia kwa Kenchi kwa sharti moja tu: aingie na kutoka mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Niliona ni sharti la haki. Kenchi naye akaapa kwamba atajenga. Sasa mama ameshindwa kupanda, na maana yake ni kwamba mimi siendi popote.

Tulimsogeza kivulini karibu na geti. Dereva wa gari tulilokodi akaanza kurudisha mizigo garini bila hata kuambiwa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutunga kichwani maneno ya kuikataa kazi, tena najilaumu, eti ningemfanyisha mama mazoezi ya mikono. Ndipo nikautazama ule mteremko kwa ubavuni.

Ukiutazama kwa ubavuni, mteremko wowote ni pembetatu yenye pembe mraba. Ardhi imelala chini, ukuta wa baraza umesimama wima, zege limeviunganisha kwa mshazari. Niliokota tepu kwenye mfuko wa zana wa Kenchi nikapima. Kimo cha baraza, sentimita sitini. Urefu wa mshazari, sentimita mia mbili tisini. Gawanya kimo kwa mshazari, unapata sifuri nukta mbili sifuri saba, na hiyo ndiyo sini ya pembe ya chini. Nikaiuliza simu ni pembe gani yenye sini hiyo. Digrii kumi na mbili.

Mtu anayejisukuma mwenyewe anahitaji tano au pungufu. Kwa digrii tano zege lingefika karibu mita saba, na nafasi ilikuwepo, maana gari zima la mizigo lilikuwa limeegeshwa humo humo uwanjani.

"Kenchi, shuka."

Alishuka.

"Hii ni digrii ngapi?"

"Aa, dada, vipimo tena? Mkono umezoea mapaa. Nimejikuta nimeinua kidogo."

Nilitaka kumwamini. Fundi wa mapaa ukimpa zege anaweza kweli kuliinamisha kama bati, na kosa la namna hiyo ningelicheka, tukalibomoa zege na kuanza upya. Lakini paa lake la chini kabisa ni digrii kumi na nane. Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kuzitafuta, wakati anaanza ufundi na anakata mbao kwa kukisia. Nilimchorea pembetatu kwa chaki kwenye sakafu ya jiko langu mpaka sini, kosini na tanjenti zikamkaa. Tangu hapo hakisii.

"Kwa paa ni ndogo, kwa kiti ni kubwa," nilimwambia. "Kumi na mbili haiji yenyewe mkononi. Hii umeitafuta. Umeitafutia nini?"

Alijitia hamnazo, akaanza kupangusa vumbi kwenye suruali. Nikamshika kola. Sijamshika kola tangu tukiwa wadogo.

"Kama humtaki mama, si ungeniambia usoni!"

"Namtaka!" Machozi yalimlengalenga. "Muulize wifi yako kama simtaki. Ni mama mwenyewe, dada. Alisema ukienda hurudi tena. Alisema nimjengee mteremko asioweza kuupanda, ili ubaki na usimlaumu mtu."

"Muongo wewe."

"Ulikuwa kazini. Nilikuja kwako na ubao, tukauegemeza kwenye stuli. Tukawa tunainua kidogo kidogo mpaka mikono imshinde. Tano alipanda. Nane alipanda kwa shida. Kumi akafika nusu. Nikaweka kumi na mbili, nisije nikakosea."

"Mlikuwa mnacheka?"

"Mwanzoni, ndiyo."

Hapo ndipo paliponiuma. Wangenililia, wangenigombeza, mama angejilaza mlangoni nisipite, ningevumilia yote. Lakini kuwafikiria wawili hao uani kwangu, wanacheka, wanapima mahali hasa pa kunikwamisha, tena kwa hesabu niliyomlisha mwenyewe kama uji! Walinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi mjinga nikawa nawashukuru.

Nilikwenda getini. Mama alinitazama, akaitazama tepu mkononi mwangu, uso ukambadilika.

"Mwanangu, nisikilize..."

"Jishike, mama."

Nikakigeuza kiti, nikachukua kasi uwanjani na kuuingia mteremko kwa nguvu zangu zote, viatu vinateleza kwenye zege, kifua kimegandamana na mgongo wa kiti, mama anapiga kelele nimwache. Kenchi alisogea kusaidia. Nilimwambia akigusa tu, udugu umekwisha. Wifi akapisha mlango. Nilimfikisha mama katikati ya sebule, nikafunga breki za kiti, nikaketi sakafuni kwa kuishiwa pumzi.

Nje, dereva alikuwa amesimama na godoro la mama kichwani, hajui alipeleke wapi.

"Lete ndani," nilimwambia.

Mama aligeuza shingo, akautazama mlango ulio wazi na zege linaloshuka mbele yake. Kuupanda mteremko hawezi. Kuushuka peke yake, kwa digrii zile, ni kwenda kuvunjika shingo. Machozi yalianza kumtoka bila sauti. Nilimwonea huruma na nilikuwa na hasira naye, vyote kwa pamoja, na sikuona kinachomshinda mwenzake.

"Sasa mimi nitatokaje humu?" aliuliza.

"Hata mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo, mama," nilimjibu, nikainuka, nikaushuka mteremko kwa miguu yangu.