Okei la Baba Swafiya

"Mama Swafiya, hilo okei la kwenu, ni ndiyo au ni hapana?" Jirani yangu Mukandekezi aliniuliza hivyo siku moja, akichambua maharage kibarazani kwangu hapa Nyamirambo. Nikacheka. Ningemjibu nini?

Marehemu mume wangu alilitoa Kampala, alikokuwa akienda na lori la kahawa. Kiingereza chake chote kilikuwa hicho. Gari likiwaka, okei! Chakula kikichelewa, okei? Mtoto akianguka anamwinua, okei, okei, mpaka kilio kinakwisha. Tukigombana, atakayechoka kwanza anasema okei, basi tunakula. Swafiya akalinyonya pamoja na maziwa.

Mwaka wa pili wa ujane wangu, shemeji yangu Maneno alikuja na posa ndani ya kitambaa, akaiweka mkekani. Mwenye duka wa Kimisagara, mtu mzima, mcha Mungu, anamtaka Swafiya. Maneno ndiye walii wa Swafiya, wa kumwozesha sasa baba yake hayupo, na nia yake ilikuwa njema. Hilo namshuhudia mbele ya Mungu.

Swafiya alikuwa anashona.

"Mwanangu," baba yake mdogo akamwuliza, "unamkubali?"

Cherehani ikanyamaza. "Okei," akasema, huku kiganja chake kinanyoosha nguo ambayo haikuwa na kunjo hata moja.

"Alhamdulillahi! Shemeji, umesikia? Lete chai basi, bibi harusi kasema!"

"Chai iko. Ngoja kwanza."

"Ningoje nini tena? Nyinyi wanawake bwana! Msipoulizwa mnanuna, mkiulizwa mnasema tungoje."

"Shemeji, wewe ulikuwepo ndugu yako alipokuwa kitandani. Nilipomwuliza kama maumivu yamepungua, alisema nini?"

Maneno akainamisha macho. "Alisema okei."

"Na mkono wake?"

Mkono ule tuliuona sote wawili, ukinyoosha blanketi lililokwisha nyooka, mpaka Mungu alipomchukua. Shemeji akageuka taratibu, akamtazama Swafiya. Kiganja cha mtoto bado kilikuwa juu ya nguo, kinakwenda, kinarudi.

Maneno akakiokota kile kitambaa mkekani, akakitia mfukoni mwa kanzu. Akamwekea Swafiya mkono kichwani, kidogo tu, kama baba yake alivyokuwa akifanya. Kisha akavaa viatu vyake mlangoni, akatoka.