Uji Kabla ya Kisu

...tangu jana usiku, mama, umekula au kunywa chochote, anauliza Sista Mariana, kalamu juu ya karatasi, na Febronia anaikodolea kalamu ile kana kwamba ndiyo kisu chenyewe, sema hapana, neno dogo tu, uji hauonekani usoni, na kosa ni la wifi yake Justa, wifi, hutoki kwangu na tumbo tupu kwenda kupasuliwa, majirani watanisema, na uji si chakula, uji ni maji yaliyopata moto tu, ungemkatalia vipi mtu aliyeamka alfajiri kukutwangia karanga... "Mama, nakuuliza wewe"... nakusikia, Sista, nakumbuka kwanza... unakumbuka nini, muongo wewe, daktari mgeni anarudi Dar kesho na mtambo wake, ule mrija mwembamba kama spoku ya baiskeli wenye kamera nchani, akiondoka bila kukushika utabaki na mkono huu mpaka lini, mkono unaoachia mchi hewani, kifundo kinalia ko! mpunga chini, wanawake wa kijijini Michenga wanacheka, miaka mitatu sasa tangu alipoteleza jarubani akaangukia kiganja, anadeka huyo, na Dionisi naye, mume wa ndoa ya kanisani, mke wangu ugonjwa wake huja na mavuno, Febronia akamrushia ungo, na angekuwa na mkono mzima ungempata... ila jana yule daktari alibonyeza mara moja tu, ko, akatikisa kichwa, pole sana mama, kano imekatika, mifupa inacheza, huu si uvivu, tutaingiza kamera kwa vitundu vidogo, tuchukue kipande cha mshipa wako mwenyewe tuifunge upya, na hakumficha, alisema unaweza usirudi kama zamani, alisema ukila utatapika kwenye usingizi wa dawa, chakula kiingie mapafuni, ufe mikononi mwangu... mikononi mwake, mtu wa kwanza kuusadiki mkono huu, kina Dionisi wote walimwona muongo, na leo ndiyo awape haki, tena kwa kumdanganya huyu huyu... "Nimekunywa uji, Sista." Kalamu haijasogea. "Mama jamani! Kidogo lakini? Kikombe?" na sauti ya Sista ni ya huruma, inamfungulia mlango, aseme tu ndiyo, kidogo, pengine watampitisha... "Mabakuli mawili," anasema Febronia, kwa ukali kama anayegombana. "Na karanga. Andika."