Kisigino cha Mgeni

Walimwita Mgeni, ingawa alikuwa ameishi pale mjini muda mrefu hata wenyeji walimsimamisha njiani kumuuliza mitaa. Alikuja kutoka kwao na gitaa na nyimbo ambazo hakuna aliyezielewa. Sasa alikuwa na bendi ya kujaza karakana: fidla, filimbi, tarumbeta, ngoma, kodiani na besi moja ndefu kuliko mtu anayeipiga. Hakuna kampuni ya muziki iliyowashika mkono. Walijirekodi wenyewe, wakagombana wenyewe, wakapatana wenyewe.

Besi ilikuwa ya Seremala, na karakana pia ilikuwa yake. Siku za mazoezi alisukuma meza ya kazi hadi ukutani, akafagia maranda, akapanga viti ambavyo wateja walikuwa hawajaja kuvichukua.

"Atakayevunja kiti atakalia sakafu," alisema kila mara.

Siku ile hakusema. Kesho yake dada yake mkubwa, mpiga kodiani, alikuwa anahamia kwa binti yake, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Wimbo mmoja ulikuwa haujarekodiwa, ule ambao kodiani huuanza peke yake kabla wengine hawajaingia. Seremala alitaka wimbo huo ubaki kwao. Dada akiondoka na wimbo ule kichwani mwake tu, basi umeondoka.

"Kabla hatujaanza," dada akasema, "Mgeni, hebu njoo hapa ukae."

Akamwekea boksi mapajani. Ndani mlikuwa na viatu vipya vyeusi, soli za mpira laini.

"Hivyo vyako nimevivumilia vya kutosha," akasema. "Visigino vya mbao! Ukipita nadhani farasi kaingia."

Mgeni akavivaa, akatembea kifua mbele huku na huku kama jogoo. "Dada, nakanyaga pamba!"

Watu wakapiga makofi. Dada akavishika vile vya zamani kwa ncha za vidole, kama anayebeba panya, akavitumbukiza kwenye gunia la maranda.

Fundi wa sauti wa bendi, aliyekaa pembeni na mashine ya kurekodia, akainua mkono, kimya kikaingia. Kodiani ikaanza, tamu kabisa. Halafu fidla zikaingia mapema, tarumbeta ikachelewa, na Seremala akajikuta peke yake kama mtu aliyevuka barabara akawaacha wenzake ng'ambo. Wakasimama, wakaanza upya. Ikawa afadhali ya mwanzo.

"Tarumbeta, umelala?"

"Nimelala mimi? Nyie wa fidla mnakimbia, nani anawafukuza?"

"Sisi tunafuata ngoma."

"Mimi nawafuata nyinyi!" mpiga ngoma akafoka.

Walipovuruga mara nyingine, dada akafungua mkanda wa kodiani begani.

"Tusidanganyane. Ni mimi. Vidole vimechoka. Rekodini bila mimi, nitausikia huko huko."

"Funga mkanda, dada," Seremala akasema. Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Mara moja tu. Kwa ajili yangu."

Dada akamtazama, akafunga.

Safari hii Seremala hakuangalia vidole vyake. Alisikiliza kwa nyayo. Sakafu ile ya mbao aliipigilia mwenyewe, na besi yake ilisimama juu yake. Siku zote kulikuwa na kitu kilichopanda kutoka kwenye zile mbao hadi mifupani mwake, ko, ko, ko, naye hakuwahi kujiuliza ni nini. Leo hakikuwepo. Akainua macho. Mguu wa Mgeni ulikuwa unapanda na kushuka kama kawaida, kimya kama paka.

Mikono ya Mgeni ilikuwa kwenye gitaa, mdomo kwenye wimbo. Hakuna aliyewahi kupewa kazi ya kuwaongoza, na hakuna aliyewahi kuona upungufu. Wote walikuwa wakifuata kisigino.

Wimbo ulipovurugika tena, Seremala akamwinamia Mgeni.

"Kaka, vua viatu. Vaa vile vya zamani. Bendi inafuata kisigino chako, na mpira hausikiki."

Mgeni akatazama miguu yake, kisha akamtazama dada. "Nivue zawadi mbele yake, siku ya kuagana? Sithubutu. Bora wimbo uharibike."

"Wimbo wenyewe ni wa kwake!"

"Mnanong'ona nini nyie, kama wezi wa kuku?" dada akauliza.

Seremala hakujaliwa ulimi wa kuzunguka. "Dada, viatu ni vizuri sana, na vimeua bendi." Akaeleza yote.

Dada akavikodolea macho vile viatu. Tumbo lake likaanza kutikisika, kodiani nayo ikitikisika juu yake ikitoa milio midogo, mpaka kicheko kikamtoka.

"Yaani miaka yote hii namsimanga mtu, kumbe namfuata yeye!"

Akaenda kwenye gunia, akazamisha mkono hadi begani, akaibuka na kimoja, kisha cha pili, maranda yakining'inia kama ndevu. Akavipuliza.

"Vaa, farasi wangu."

Fundi wa sauti akakuna kichwa. "Lakini hicho kisigino kitasikika kwenye rekodi."

"Kisikike!" dada akamjibu. "Kwani chenyewe si mwanabendi?"

Wakapiga mara moja, ikatosha.

Dada alipokuwa akiifunga kodiani kwenye kasha lake, aliliangalia lile boksi. "Basi hivi vipya nimpelekee mkwe wangu?"

Mgeni akalikumbatia. "Thubutu! Hivi vya kukusindikizia kesho."

"Vaa vyovyote, ilimradi mizigo ubebe wewe."

Seremala alimwomba fundi wa sauti aicheze rekodi tangu mwanzo. Kodiani ikaanza peke yake, na chini yake, ko, ko, ko. Akaishika meza yake ya kazi, akaanza kuirudisha mahali pake, akisukuma kidogo kila kisigino kilipogonga.