Kumtambua kwa Kikohozi

Niliolewa mwaka sabini na nane, na mpaka mwaka tisini na sita nilikuwa sijauona uso wa baba mkwe wangu. Si kwamba aliishi mbali. Miaka mitatu ya mwisho tuliishi nyumba moja hapa Ipinda, yeye chumba cha mbele, mimi cha uani, ukuta mmoja katikati. Ila kwetu mkamwana hamtazami baba wa mumewe, hakai alipokaa, halitamki jina lake, na akimwona anakuja njiani anaingia migombani mpaka apite. Ndivyo nilivyofundwa na mama yangu kule Ndandalo, naye alifundwa na mama yake. Siku ya harusi walinifunika kanga mbili. Mambo yote nikayasikia tu.

Lakini asije mtu akaniambia nilikuwa simjui. Nilimjua kwa kikohozi chake cha asubuhi, viwili vifupi na kimoja kirefu. Nilijua anapenda samaki wa ziwani, mbasa wa kukaushwa, si wabichi, na wali wake haupendi chumvi. Nilijua guu la kushoto linamsumbua mvua ikikaribia, maana fimbo ilibadilisha mlio. Nilijua kimo chake kwa sababu kila akiingia kofia ilikwaruza kizingiti.

Alikuwa mwalimu kule Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, miaka thelathini na mitano. Mwanawe wa pekee, Abrahamu, alivuka kuja kufanya biashara upande huu, akaniona sokoni Ipinda nikipepeta mchele, akasahau njia ya kurudi. Tuliishi miaka kumi na mitatu. Mwaka tisini na moja homa ikamchukua kwa siku nne tu, tukamzika nyuma ya nyumba, penye mgomba wa kwanza alioupanda. Mama mkwe alikuwa ameshatangulia. Mwalimu alipostaafu na mambo ya kwao yalipotulia, akafunga sanduku, akaja kukaa karibu na kaburi la mwanawe. Siku aliyofika aliniwekea mlangoni chungu kikubwa cha Ikombe, kazi ya wanawake wa Kikisi, akaondoka bila neno. Nikapiga magoti nyuma ya mlango, nikasema ndaga fijo, asante sana, kwa ule mlango.

Kwetu sisi Songwe ni maji tu. Kiangazi unavuka umeinua kanga. Ndugu wako kote kote, na mahari zilivuka kabla ya bendera. Lakini serikali zina macho yao, na kwa macho yao baba mkwe alikuwa mgeni mstaafu anayehitaji kibali cha ukaazi. Cha kwanza alidhaminiwa na mchungaji. Kilipokaribia kwisha mchungaji alikuwa amehamishiwa mbali, na sheria ikasema mdhamini awe ndugu anayemhifadhi nyumbani kwake. Nyumba ina jina langu. Abrahamu hakuwa na ndugu mwingine. Basi mdhamini nikawa mimi, mtu asiyeweza hata kumtazama anayemdhamini.

Tulikwenda Kyela mjini kila mtu kivyake. Yeye alitangulia na pikapu ya asubuhi, mimi nikafuata na Marta jirani yangu, muuza sukari ya Malawi, mwanamke ambaye tangu soko lifunguliwe hajakaa nyumbani siku mbili. Nilimchukua ili akae katikati yetu. Pale ofisi ya uhamiaji Mwalimu alikuwa benchi la ndani, mimi nikakaa nje chini ya dirisha, Marta mlangoni. Nikajisifu kwamba nimepanga vizuri.

Afisa alikuwa kijana wa Singida, mgeni kabisa na mambo yetu. Akapaza sauti, "Mwombaji na mdhamini, ingieni pamoja."

Marta akanisukuma. Nikaingia nimejifunika kanga mpaka kidevuni, macho sakafuni. Nikaona viatu vya matairi vikigeuka upande wangu, nikasikia fimbo ikigonga sakafu, na mzee anasimama. Akili ikaniruka. Nilikimbia! Nilipiga kumbo kiti, nikaangusha faili sijui la nani, nikatoka mlango wa nyuma mpaka kwenye shamba la mihogo. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwenye binti anayesoma bweni Mbeya, amejificha kwenye mihogo ya serikali.

Marta akanifuata akicheka mpaka machozi. Afisa hakucheka. Alimwomba mzee atoke mbele, akaniita ndani peke yangu.

"Mama, kwa nini umemkimbia mtu unayesema ni mkweo?"

"Ndiyo sababu nimemkimbia. Ni mkwe."

"Taja jina lake."

"Baba yake Abrahamu."

"Jina lake, mama."

"Mwalimu."

"Jina!"

"Si limeandikwa hapo mbele yako? Lisome mwenyewe."

Akaweka kalamu chini. "Haya. Ana ndevu, hana ndevu?"

Kumbe mtu unaweza kumfulia shati mtu miaka mitatu usijue kama ana ndevu. Nikaanza kumweleza ninayoyajua: mbasa, chumvi, guu la kushoto, kikohozi viwili vifupi na kimoja kirefu. Nikamweleza na mila, tangu mwanzo mpaka mwisho. Akanisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia.

"Mama Tukuswiga," akasema, "mwaka huu nimekamata wadhamini saba wa kukodi. Hata hao wa kukodi walikuwa wamemwona mtu wao. Mila zenu naziheshimu, hata kwetu zipo. Lakini fomu inasema mdhamini amtambue mwombaji mbele yangu, amtaje, kisha wote watie sahihi. Niandike nini, kwamba umemtambua kwa kikohozi?"

Akatupa muda mpaka Jumatatu. Kibali kilikuwa kinaisha Jumanne. Baada ya hapo Mwalimu arudi ng'ambo, na huko nyumba yake alishaiuza na watu wake wote wako makaburini.

Njiani Marta akaanza. "Mtafutieni mdhamini mwingine."

"Ndugu mwingine ni nani? Nimzae leo?"

"Basi aende. Ukimtazama mkweo watu watasema nini? Mwacha mila ni mtumwa."

Nilimjibu vibaya, sitarudia hapa. Lakini neno lake lilinichoma, kwa sababu nami nilikuwa naogopa. Sikuwaogopa watu. Niliogopa kumvunjia heshima mzee ambaye hajawahi kunipandishia sauti.

Ijumaa alasiri nilikuwa uani napembua mchele nikasikia kamba. Sauti ya kamba ya katani ikivutwa kwenye sanduku huwezi kuichanganya na nyingine. Mwalimu alikuwa anafunga safari, wala hakuniuliza! Hasira ikanipanda, nikauweka ungo chini.

Hapa nieleze tulivyokuwa tukizungumza. Stella, binti yangu, akiwa likizo, ndiye aliyepeleka maneno. Akiwa shule, mimi nilizungumza na chungu cha Ikombe, na Mwalimu alizungumza na redio yake. "Chungu wee, wali umeiva," nasema. Naye huko ndani, "Redio, hawa watu wanapika vizuri." Hivyo hakuna aliyemsemesha mwenzake, na wote tulisikia.

Basi nikasimama mbele ya chungu. "Chungu, naona kuna mtu anahama humu ndani bila kuaga."

Kamba ikanyamaza. Kisha akasema, "Redio, mtu mzima akiona amekuwa mzigo wa aibu, anaondoka kabla hajaambiwa."

"Chungu, nani amesema aibu?"

"Redio, nilimwona mtoto wa watu akikimbilia kwenye mihogo kwa ajili yangu. Mimi sikumpa mkamwana wangu shamba, wala ng'ombe. Nilichompa ni heshima tu, kwamba hakuna siku nitakayomfanya ainue macho kwa kulazimishwa. Nikimnyang'anya hiyo, nitakuwa nimempa nini?"

Nikaangalia kile chungu kama ni chenyewe kimenijibu. Machozi yakaanza na hasira ikawa bado ipo, vyote viwili.

"Chungu, mwambie alinipa wewe. Mwambie nani atapalilia kaburi la mwanawe naye yuko ng'ambo, atalipalilia kwa barua? Mwambie mimi nilifiwa na mume nikiwa na miaka thelathini na nne, na miaka miwili nyumba hii ilikuwa kimya mpaka nilikuwa nawasha moto mchana nisikie kuni zinalia. Mwambie tangu aje naamka nikisikia mtu anakohoa, nasema, ah, kumekucha, tupo. Akiondoka nitaamshwa na nini? Heshima yake naijua. Lakini heshima ya kukaa na sanduku mpakani siitaki. Mwambie hivyo, chungu, na kama hataki kusikia, basi liwalo na liwe."

Ndani, redio ikazimwa. Sikuwahi kuisikia ikizimwa mchana. Nikasikia fimbo ikija hadi ukutani, upande wa pili wa pale niliposimama.

"Tukuswiga," akasema.

Miaka kumi na minane, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza jina langu kutoka kinywani mwake. Nilipiga magoti pale pale kwenye mchele.

"Bee, tata," nikaitika, kama ninavyomwita baba yangu.

"Jumatatu nitatangulia. Utanikuta pale. Ukiinua macho, ujue ni mimi niliyekuomba. Atakayeuliza, aje aniulize mimi."

Kisha nikasikia kamba tena, safari hii ikifunguliwa.

Jumatatu nilivaa gauni la kanisani. Marta alikuja mwenyewe bila kuitwa, eti ana mzigo wa sukari Kyela, lakini sikuona mzigo wowote. Kutoka kituoni mpaka ofisini alinishika mkono, na hakusema lolote juu ya mila.

Mwalimu alikuwa ameketi mbele ya meza, mgongo kwangu. Afisa akaniangalia, halafu akauangalia mlango wa nyuma. Alikuwa ameufunga kwa komeo, yule kijana!

"Mama, uko tayari?"

"Niko tayari."

Mzee akasimama, akageuka. Nilianzia chini, kwenye ninavyovijua. Viatu vya matairi. Fimbo. Shati la buluu ambalo nililishona kola kwa mkono wangu. Nikafika kwenye mikono iliyoshika fimbo, na hapo macho yakasimama, kwa sababu kile kidole kidogo kilichopinda kuelekea ndani nilikijua. Nilikishika kidole kama hicho siku nne za homa.

Nikainua macho.

Alikuwa Abrahamu. Paji lile lile, pua ile ile, na ule mdomo unaoinuka upande mmoja hata pasipo na jambo la kuchekesha. Ila nywele zilikuwa nyeupe zote, na mashavu yameingia ndani. Mume wangu alikufa na miaka thelathini na minane. Sikuwahi kufikiri kwamba nitamwona amezeeka. Na mtu huyu alikuwa amekaa nyuma ya ukuta wangu miaka mitatu, akila wali wangu usio na chumvi.

Nililia. Sikulia kwa haya wala kwa huzuni, nililia kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa ameshakizika.

Afisa akaingiwa na wasiwasi. "Mama? Unamtambua huyu?"

"Namtambua," nikasema. "Ni Samsoni, baba yake Abrahamu, mume wangu. Hana ndevu. Andika, hana ndevu kabisa, na uso wake ndio uso wa mume wangu."

Jina lilitoka, na dari haikuanguka. Mzee alikuwa akinitazama naye, macho yamejaa, ule mdomo umeinuka upande mmoja.

"Abrahamu aliniandikia barua kurasa nne kukusifia," akasema. "Nikasema huyu kijana, ni ujana tu unamsemea. Kumbe alipunguza."

Marta huko mlangoni akapiga kigelegele, akanyamazishwa na askari. Afisa akageuza fomu, tukatia sahihi, yeye kwanza kwa mwandiko wa kialimu, mimi chini yake. Muhuri ukagongwa: miaka miwili. Kijana akatukabidhi kibali, akasema tukija tena baada ya miaka miwili hatafunga komeo.

Siku hiyo tulipanda pikapu moja kurudi Ipinda. Hatukuzungumza sana, mazoea ni mazoea. Jioni nikapika mbasa wa kukausha, nikapakua, na kwa kusahau nikakiinamia chungu nikaanza, "Chungu wee, chakula..."

"Chungu kimechoka," akasema Mwalimu kutoka barazani. "Niambie mimi, mwanangu."

Nikachukua sahani kwa mikono miwili, nikatoka nje nikampelekea, nikakaa.