Kiti cha Nyuma cha Mama Dafroza

Mume wangu Leonardi alipoleta Buick ile kuukuu hapa kwetu Linden, mtaa wa Columbus, sikumsemesha hadi chakula cha jioni. Gari lilitoka kiwandani kabla sisi wawili hatujazaliwa. Ni refu kupita kibaraza chetu, na nyuma lilikuwa limeinama kama mbwa aliyechapwa, maana springi zimechoka. Mwenyewe analipapasa boneti na kuchekacheka.

"Baba Olivier," nikamwambia, "hilo ni gari au jeneza?"

"Ni gari, mama Olivier. Linataka hewa tu."

Hewa. Nilijua ni hewa gani. Kuna vijana mtaani wanaoyafunga magari ya zamani maputo ya mpira kwenye springi, wakibonyeza kitufe gari linalala chini, muziki juu, wasichana wanatazama. Nikasema haya, baba mzima wa watoto wanne, msoma zaburi kanisani, naye sasa anataka kulaza gari. Nikampa vidonge vyake pale pale. Nikamuuliza kama amesahau kwamba mama yangu amekataa kuja harusini, familia nzima hatulali, yeye anachezea magari.

Hilo ndilo lililokuwa linaniuma. Mdogo wangu Rakeli, kitinda mimba wetu, alikuwa anaolewa Buffalo. Baba tulimzika Mtabila, kwenye kambi ya wakimbizi, Rakeli hata hajaanza kutembea, kwa hiyo mzazi aliyebaki ni mama mmoja tu. Naye mama, Dafroza jina lake, anakaa Okolona, kule Louisville, kwa kaka yangu. Tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga, daktari amemkataza kukalia kitu kilicho chini ya magoti yake. Gari langu ni la chini, akiingia hatoki bila kuvutwa. Basi la kanisa ni la juu, ngazi yake haiwezi. Siku moja wanaume wa kanisa walijaribu kumpandisha, huyu kamshika kwapani, yule miguuni, kitenge kikapanda hadi mapajani watu wakiona. Mama aliporudishwa ndani akasema basi. Hatabebwa kama gunia mbele ya wakwe. Heri Rakeli aolewe yeye hayupo. Na mama yangu akisema basi, ni basi. Mimi hiki kichwa kigumu mnadhani nimekitoa wapi.

Leonardi alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mimi silishushi hilo gari," akasema. "Nalipandisha."

Akasimama, akajigonga pajani kwa kiganja. "Kiti cha nyuma kikifika hapa, mama anatanguliza makalio, halafu anaingiza miguu taratibu. Akishuka hivyo hivyo. Hakuna wa kumshika."

"Kwani wewe ukimshika utakufa? Si mkwe wako?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukania wazazi. Lazima niseme hapa kwamba ukoo wetu bado umeshikilia heshima ya zamani. Mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe. Hawakai kiti kimoja, hawaitani majina. Tangu tufunge ndoa, mama hajawahi kumwelekezea Leonardi neno. Utasikia, "Florida, mwambie mumeo ale," na mumeo mwenyewe amekaa palepale, anasikia, anangoja nimwambie. Nami namwambia, huku nasonya. Lakini wanapendana hao watu, kwa njia yao hiyo ya kupitia kwangu.

Heshima hiyo hiyo ilituokoa gharama. Kwa kuwa mama hawezi kukaa mbele pamoja na mkwewe, ni nyuma tu palipohitaji maputo. Leonardi akayapata mawili yaliyokwisha kutumika kwa mzee mmoja wa Westerville aliyekuwa akivunja gari lake, akayaingiza ndani ya zile springi zilizochoka. Mashine ya kujaza hewa hakununua. Aliunganisha kipaipu kimoja kinacholisha maputo yote mawili, akakiishilizia karibu na namba ya gari kwa valvu kama ya tairi, basi ukitaka gari lipande unachukua pampu ya baiskeli na mikono yako. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio kutafuta hewa inapotoka. Nilipoona lile povu nikacheka, maana ndivyo tulivyokuwa tukitafuta pancha kambini.

Nilimwona pia anakata tyubu ya baiskeli vipande virefu, anafungia kile kipaipu chini ya gari. Nikamwambia vibano vinauzwa dukani hapo barabarani. Akasema kwa mpira kama huo alifunga magunia ya mahindi kwenye baiskeli kutoka Kasulu hadi kambini, na halikuanguka hata moja. Nami mtoto wa kambi vilevile, nikaona sawa. Kwetu hakuna kitu kisichofungika kwa tyubu.

Tukamfuata mama Okolona. Alitoka na fimbo yake, akalizunguka gari, akakigusa kiti kwa mgongo wa mkono, akakaa. Akaingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Leonardi wakati huo amegeukia ukuta wa jirani.

"Florida," mama akasema, "mwambie mumeo kiti ni kizuri."

Tukalala Columbus, kesho yake tukashika njia ya Buffalo. Mama nyuma na imvutano yake nyeupe, ile shuka ya sherehe inayofungwa begani, mkoba mapajani, anaimba nyimbo za kwaya. Nilikuwa na furaha jamani, siwezi kuficha. Tulipokaribia Buffalo, kila shimo la barabara likaanza kutugonga mgongoni. Leonardi akaukaza usukani kwa mikono miwili. Tulipoegesha kwenye uwanja wa kanisa, gari lilikuwa limekaa chini kabisa. Joto la ekzosi lilikuwa limelainisha ile mipira ya tyubu, ikakatika, na kipaipu kikalalia ekzosi kikaungua.

Na wakwe wote wamejipanga mlangoni, akina mama wanaimba. Mzee Karoli, baba yake bwana harusi, akaja na vijana wawili wenye vifua.

"Karibuni sana. Vijana watambeba mama, msihangaike."

Mama akavuta mlango akaufunga. Kupitia dirishani akaniambia kwa sauti ndogo, "Florida, nirudisheni Okolona." Hakuwa anatishia. Nilimwona kidevu kinamtetemeka, na Rakeli yuko ndani na shela lake, anangoja mama aingie ndipo ibada ianze. Nikamgeukia Leonardi nimwambie yote ya tyubu zake na magunia yake ya Kasulu.

Alikuwa amekwisha kuvua koti. Akanikabidhi, akalala chali kwenye changarawe na shati lake jeupe, akaingia chini. Akakata kipande kilichoungua, akaunganisha kilichobaki moja kwa moja na valvu. Akatoa pampu kwenye buti, akaanza kujaza.

Na mama yumo ndani, uzito wake wote juu ya yale maputo. Leonardi anapiga pampu, jasho linamtiririka, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Wimbo mlangoni ukakatika. Watu wakabaki wanatazama mwanamume mwenye tai akipampu gari kama baiskeli. Kisha mama mmoja wa upande wa wakwe akauanza wimbo upya, polepole, akiufuata mwendo wa pampu, na wenzake wakaitikia. Gari likapanda kidogo. Likapanda tena. Mama anatazama mbele tu.

Kiti kilipofika usawa wa paja, Leonardi akafungua mlango, akageuka akatazama barabarani. Mama akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akashika mlango, akasimama. Vigelegele vikapigwa. Mzee Karoli akanyoosha mkono amwongoze ndani.

"Siingii," mama akasema.

"Mkwe wangu hajanawa. Nitaingia naye." Akaegemea fimbo, akageuka kuelekea kwenye ule mgongo uliojaa vumbi. "Leonardi. Kanawe, mwanangu, tuingie."

Leonardi akageuka na pampu mkononi. Hakumtazama mama, alinitazama mimi, anangoja nimfikishie ujumbe kama siku zote. Nilikuwa nimelikumbatia koti lake, nalia mbele ya wakwe bila haya.

"Usinitazame mimi," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyeitwa."